Mkono Chini ya Mawaridi

Dada yangu hapogoi mawaridi kwa macho, kwa sababu macho hana. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, na kabla hatujamaliza kulilalamikia hilo ikamaliza na la pili. Anapogoa kwa vidole. Anapiga magoti kwenye tuta, anaingiza mkono mtupu chini kabisa ya majani, anapanda na shina taratibu mpaka kidole kikutane na kile kivimbe kidogo ambacho watu wa maua hukiita jicho. Jicho likitazama nje, anakata juu yake kidogo, mkasi ukiwa umelazwa upande. Likitazama ndani, analipita.

"Tawi likienda ndani," huniambia, "mti unajikaba koo wenyewe."

Glavu hataki. Anasema kumvalisha glavu ni kumpofusha mara ya pili.

Mimi miiba naiogopa. Nimechimba visima, nimepakia malori, nimewapikia watu wa barabara porini kwenye moshi wa kuni mbichi, lakini mkono wangu ndani ya waridi hujawahi kuuona. Nikifika kwake kazi yangu ni kubeba maji na kusifia. Tena sikai. Watu wananiita Kiguu na Njia, na dada amelikata jina hilo likabaki Kiguu.

Katika bustani ile kuna kitu kimoja ambacho mtu haruhusiwi kukigusa: mpira wa maji. Unaanzia kwenye bomba karibu na mlango wa jikoni, unalala kando ya tuta mpaka ukuta wa nyuma. Dada anauwekea mkono wa kushoto, anaufuata, na kila mti anaujua kwa umbali wake. Wa kwanza ni Bi Harusi, mweupe, mwenye kujidekeza. Wa kati ni Mlevi, ambaye bila fimbo aliyofungiwa angekuwa amelala chini tangu zamani. Wa mwisho, pale ukutani, ni Mama Mkwe: mwekundu, mzuri kuliko wote, na anachoma kila anayemkaribia. Mpira ule ndio barabara ya dada. Mpwa wangu, bintiye, anajua, jirani anajua, hata watoto wanaorukia mpira wao uani wanajua.

Aliyesahau ni mimi. Jioni ile nilikuwa naosha mkoba wangu, maana asubuhi nilikuwa naondoka. Nikauvuta mpira mpaka kwenye mfereji, nikasugua matope, mpira nikauzungushazungusha nikauacha chini ya bomba, nikaenda zangu kulala.

Kwenye korido ya nyumba ile ilikuwepo mifuko ya saruji. Mpwa wangu, anayefua mashuka hospitalini, ndiye aliyeileta, baada ya mwiba wa Mama Mkwe kumvimbisha mama yake kidole mpaka pete ikakatwa kwa msumeno.

"Mama," alisema siku ile, "kikitokea kingine hapa, hata kidogo, namwaga zege mpaka ukutani. Maua utapanda kwenye makopo."

"Na mimi utanipanda kwenye kopo gani?" dada akamjibu.

Tulicheka. Lakini mifuko ilibaki pale, na kila nikipita usiku kwenda msalani nilijigonga ugoko.

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi. Mpwa wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na kikombe cha chai, viatu nimevua, mkoba uko miguuni. Dada akatoka na mkasi wake, akapiga magoti, akapapasa mahali ambapo mpira hulala. Hakuna. Akapapasa tena. Hakuuliza, dada yangu ni mtu ambaye akipoteza kitu huona aibu kabla ya kuuliza. Akapita Bi Harusi kwa magoti, akapita Mlevi, mkono ukigusagusa majani makavu tuliyotandaza juu ya mizizi ili unyevu usikimbie.

Nikafungua mdomo nimwambie samahani dada, mpira uko huku. Ndipo nilipomwona.

Kati ya Mlevi na Mama Mkwe kulikuwa na mstari ambao haukuwa wa majani. Rangi ile ile ya majani, ila ulikuwa mnene kama mkono wangu, na mgongoni una alama kama vichwa vya mishale vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kifutu. Amejinyoosha apate lile jua dogo lililokuwa linaruka ukuta. Kama hujakutana naye, huyu si nyoka wa kukimbia. Anaiamini rangi yake. Anatulia, unamsogelea, unamsogelea, halafu anafanya kazi yake mara moja.

Nikauona mkono wa dada ukishuka. Nikauona ukitua. Kiganja kizima, juu ya mgongo wa kifutu, katikati.

Sikupiga kelele. Usiniite jasiri; sauti ilikataa kutoka. Kwenye kambi ya visima tuliwahi kupiga kelele "Nyoka!" wote kwa pamoja, na mwenzetu akaruka bila kujua nyoka yuko upande gani, akamkanyaga. Na mtu asiyeona akishtuka, huwa anajishikiza chini kwa mkono.

"Kiguu," dada akasema, wala hakugeuka. "Mpira umelala nje?"

"Ndiyo, dada."

"Una baridi kama nini."

"Eeh."

Mkono haukutoka. Haukusogea hata kidogo. Nikaweka kikombe chini, na mlio wa kikombe kwenye saruji nikausikia mpaka kwenye meno.

"Umeuweka vibaya leo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza kama kuna chumvi ndani. "Ncha yake imeelekea wapi? Kwangu au ukutani?"

Kichwa kilikuwa kimelala chini ya Mama Mkwe. Kipana, kimetulia.

"Ukutani."

"Mbali na mkono wangu?"

"Mbali kidogo. Dada, nisikilize. Usiuvute. Umenasa kwenye mwiba, utachanika."

"Sivuti."

Nilikuwa nimeshasimama. Nilishika mkoba kwa mikono miwili mbele yangu, nikaanza kutembea kwa ncha za vidole, maana nyoka husikia ardhi. Bustani ile ni ndogo, mtu anaivuka kabla hajamaliza kupiga chafya. Asubuhi ile haikuisha.

"Mtoto akikusinzilia kifuani," nikamwambia, "unautoaje mkono mgongoni mwake?"

"Juu. Moja kwa moja. Siuburuzi."

"Basi hivyo hivyo."

Akaanza na kifundo cha mkono. Kikapanda. Kikafuata kiganja, taratibu, kama bandeji inayobanduliwa kwenye kidonda. Vikabaki vidole. Kikabaki kile cha kati peke yake, na mimi moyoni nakigombeza: toka basi, toka we kidole, unangoja nini? Kikatoka.

Na kifutu akaanza kuvimba. Sauti yake ni ile ya tairi la baiskeli lililofunguliwa valvu. Alama za mgongoni zikaachana. Kichwa kikarudi nyuma.

Nikausukuma mkoba kati yao. Akapiga. Nililisikia pigo kwenye vishikio, puu, kama mtu kapiga godoro kwa kiganja. Sikungoja la pili. Nilimkamata dada kwa ukosi wa gauni, nikamburuta kinyumenyume, tukaangukiana kwenye kizingiti, chai ikatumwagikia wote wawili, na hapo ndipo sauti yangu ilipopatikana. Inaelekea ilipatikana yote, maana jirani yetu fundi bomba alitokeza kichwa juu ya ukuta na povu la mswaki mdomoni.

Alikuja na bomba refu la chuma. Nyoka alikuwa bado pale pale, anavuma. Fundi akamtazama, akanitazama.

"Mzee," akasema, "mimi huwa naitwa kwa vitu vinavyovuja."

"Basi piga kivuje!"

Alipiga. Alipiga hata baada ya kazi kuisha. Halafu akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaniomba maji, na glasi ikagongana na meno yake.

Dada alikuwa kwenye kizingiti. Mkono wa kushoto ameuweka pembeni, mbali na mwili, kama ameshikishwa mzigo wa mtu mwingine.

"Pole, dada," nikasema. "Afadhali hukujua."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Nilipogusa. Mpira haupumui, Kiguu."

"Sasa mbona ulikaa unaniuliza ncha, sijui baridi?"

"Ningesema nyoka, ungefanya nini? Wewe nakujua tangu unaogopa mende. Ungepiga kelele, yeye angeshtuka, na mkono ni wangu. Nikaona niongee nawe mpaka utulie."

Ndipo alipoanza kutetemeka. Alitetemeka mpaka mkasi uliokuwa bado mkono wa kulia ukawa unalia wenyewe, che che che. Nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikautoa. Aliuosha ule mkono wa kushoto kwa sabuni, akausuuza, akauosha tena. Mchana nilimkuta bombani anauosha.

Sikwenda kupanda basi. Shati langu la safari, lililokuwa ndani ya mkoba, lilikuwa na matundu mawili na unyevu wa manjano. Nilililaza juu ya majani makavu yote niliyoyakokota kwa reki ya mpini mrefu, nikachoma vyote. Kila kijiti kilichosogea kilinirusha roho. Mpira niliurudisha mahali pake kwa kutumia ufagio, nikiusukuma, na nilijua kabisa kuwa ni mpira.

Fundi bomba hakuweza kukaa na habari. Alimsubiri mpwa wangu getini, na katika masimulizi yake nyoka akarefuka. Binti aliingia bila hodi wala salamu, akamshika mama yake mkono begani, akaupapasa kushuka mpaka kucha, akageuza, akaupapasa upya. Kisha akaenda koridoni akakaa juu ya mifuko ya saruji, akafunika uso.

"Mjomba," akaniita, "unayo koleo?"

"Koleo la nini?"

"Unajua la nini."

Dada akamfuata kwa kushika ukuta. Nilingoja ubishi wao ule wa siku zote, na vijembe. Haukuja.

"Mwanangu," akasema, "kesho asubuhi nitaingia kwenye maua. Mkono ukikataa kuingia, zege nitakukorogea mimi mwenyewe."

"Na ukiingia?"

"Hiyo mifuko itatoka humu ndani. Mjomba wako amebakiza ugoko mmoja."

Binti hakucheka. Mimi nilijaribu.

Kulipokucha dada alitoka na mkasi kiunoni. Binti alisimama dirishani na sare yake ya kazi, hakwenda. Dada akapiga magoti. Mpira ulikuwa pale, mkono ukashuka kuutafuta, na ulipofika karibu ukasimama hewani. Ukashuka tena. Ukasimama. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama majini, akausogeza mkono, akauondoa kama ameungua. Hajagusa kitu. Jasho limemtoka kwenye baridi ile.

Dirishani mpwa wangu akafumba macho.

"Siwezi," dada akasema, polepole, si kwa ajili yetu. Akakaa hivyo. Halafu: "Kiguu. Upo?"

"Nipo."

"Njoo hapa. Tangulia wewe."

"Nitangulie wapi?"

"Ndani. Weka mkono wako kwanza."

Nilitazama chini ya Bi Harusi. Ardhi ilikuwa tupu, nimeikokota mwenyewe, mtu angeona hata siafu. Mkono ulikataa vile vile. Nikapiga magoti, nikafumba macho kama yeye, sijui kwa nini, nikauingiza. Baridi ya majani. Kitu kikaniuma.

"Mama wee!"

Dada akaniangukia. Kucha zake zilizama begani kwangu. "Nini? Nini? Yuko wapi?"

"Mwiba," nikasema. "Mwiba tu, dada. Mwiba."

Akanipiga kofi la kichwa, zito, na papo hapo kitu kikamtoka kifuani, nusu kicheko nusu kilio. "Na huyu ndiye mlinzi," akasema. "Usiutoe mkono. Nimesema usiutoe!"

Sikuutoa. Damu ilikuwa inanitiririka. Nikasikia vidole vyake kwenye bega langu, vya baridi, vinatetemeka. Vikateremka kwenye kiwiko, vikasimama hapo muda. Vikaendelea kushuka, akiufuata mkono wangu kama alivyokuwa akiufuata mpira, kifundo, kiganja, mpaka vikafika nilipokuwa nimelishika shina. Vikapita juu ya vyangu. Vikapanda na shina.

Kidole kikapata kivimbe, kikakizunguka.

"Hili linatazama ndani," akasema, na kulipita. "Sogeza kichwa chako, unanizibia."

Nyuma yetu nilisikia dirisha likifungwa, kisha, koridoni, mfuko wa saruji ukiburutwa kwenda nje.