Hamu ya Maata

Akinisi aliliamkia tumbo kabla ya kumwamkia mwenye tumbo. "Mama, umelalaje?" Mtoto angeitwa Maata, jina la marehemu mama yake Akinisi, na kwao marehemu hurudi na jina lake. Sirasi, mke wa mwanawe, alikuwa amezoea kurukwa.

Siku Jaani, mwanawe, alipoleta sili, mnyama wa bahari ya barafu, walimlaza juu ya kartoni sakafuni jikoni, wakamzunguka na visu. Akinisi akakata ini, bado lina uvuguvugu, akalitia kipande cha mafuta na kumnyooshea Sirasi.

"Nesi kasema nichemshe, mama. Amenipima. Damu yangu haijawahi kukutana na mdudu wa nyama mbichi."

"Nesi, nesi! Nesi ndiye aliyekuoa? Mimi nimezaa sita kwa ini bichi, hata mafua hawayajui. Wewe umelelewa kusini kwa kuku wa dukani, ndiyo maana umepauka."

"Naogopa."

"Muogope Maata basi. Hiyo hamu machoni mwako si yako, ni yake. Utamnyima mama yangu chakula?"

Kweli mate yalikuwa yamemjaa Sirasi, na mavyaa ni mavyaa. Akala. Akinisi akacheka kwa furaha, akamkatia tena. Baadaye Sirasi alishikwa na homa, tezi za shingo zikavimba. Wakasema ni baridi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Akinisi yalikuja yamefungwa blanketi, mtoto mzuri, mdogo, mwenye macho yasiyofuata kitu. Alimsogezea uso karibu kabisa. "Mama, ni mimi." Macho yakampita, yakaenda ukutani. Akinisi akakaa.

Zahanatini, nesi aliwaeleza taratibu. Aliyekula nyama mbichi tangu utotoni, mwili wake umeshamjua mdudu huyo. Mgeni wa nyama hiyo akimpata akiwa na mimba, mdudu humfikia mtoto. Haya macho hayataona.

"Ulikula mbichi, Sirasi?" nesi akauliza.

"Nilikula." Sirasi hakumtazama mavyaa wake. "Mama alinikataza sana. Ukaidi wangu tu."

Akinisi akafungua kinywa.

"Pole, mama," nesi akamwambia, akimshika bega. "Ulifanya ulivyopaswa. Laiti vijana wangewasikiliza."

Akinisi akaitikia kwa kichwa.