Matendegu Manne
Mize analala na hasira miguuni pa mama yake mgonjwa, ukingoni mwa kitanda cha kamba ambacho ami Haji atakuja kukichukua baada ya alasiri. Asubuhi ami alisimama mlangoni, hata kuketi hakuketi, akasema: Kitanda alikichonga marehemu kaka yangu, baba yako, basi ni cha ukoo, mama yako mtandikie mkeka. Na Mize, ambaye ulimi humganda mbele ya wakubwa, akajibu: Naam, ami. Neno hilo limemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na anapofumba macho kitanda kinainuka, kinatoka nje kwa matendegu yake manne kama punda aliyechoka kungoja.

Barabara haina mwisho, na kando yake hakuna nyumba, kuna vitanda tu. Hapa mwanamke anajifungua, ameng'ang'ania mchago wa kichwani. Pale mtoto mwenye surua anageuzwa ubavu. Pale mume na mke wamenuniana, kila mmoja na ukuta wake. Pale mwanamume amelala chali, kidevu kimefungwa kitambaa. Mize anasogea, anaona ni kitanda kilekile kimoja, na watu ni wa kwao: mtoto ni yeye, maiti ni baba yake. Mbele yake anasimama mtu asiye na uso, laini kama yai lililomenywa. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega, anajibu Mize kwa adabu. Ana miguu minne, sokoni hajafika. Kila mtu humpa mgongo, naye hanuni. Jibu limemjaa Mize mdomoni, lakini ulimi umeganda. Huna? Nipe mji. Anampa Chwaka, na Chwaka inazimika kama koroboi. Barabara inajikunja, inamrudisha palepale, na sasa kitanda kimetoweka, mwanamke anajifungulia chini, anatafuta mchago anashika upepo. Nipe mji. Anampa Mkokotoni, na mtoto wa surua anatetemeka sakafuni. Kisomo chote hicho na kitendawili cha watoto kinakushinda! anacheka yule mtu. Lakini una adabu, mwanangu, mama yako kakulea. Haya, nipe mwingine.

Kimebaki kitanda kimoja, na juu yake yuko mama, mgongo umejaa vidonda. Aliyekichonga alimchongea nani? Na kamba zikilegea, nani aliyekuwa akikiwamba upya mpaka vidole vikamchubuka? Ule mwiba wa kooni unang'oka. Kitanda! anapiga kelele. Jibu ni kitanda, nacho ni cha mama yangu! Sikupi mji, sikupi hata kijiji!

Anashtuka, kamba zimemchora shavuni. Unagombana na nani, mwanangu? anauliza mama. Kabla hajajibu, hodi inapigwa. Mtu amesimama mlangoni, jua la alasiri liko nyuma yake, na pale penye uso hapaonekani kitu. Mize, mama yako keshashuka? Mize anashika tendegu kwa mikono miwili. Hajui kama ameamka au barabara imejikunja tena.

Sikupi, anasema.