Uzi Kwenye Plagi

Muuguzi alimuuliza mume wangu, "Babu, una watoto wangapi?" Akajibu bila hata kukohoa, "Wanne. Mmoja kafungwa kwa kusingiziwa."

Jamani! Sisi tuna wawili, na hakuna aliyewahi kuiba hata chaki. Huyo mfungwa ni wa kwenye tamthilia ya saa nane mchana.

"Kwa siku anatazama televisheni saa ngapi?" muuguzi akanigeukia.

"Niulize inazimwa saa ngapi, ndiyo rahisi."

Akanieleza taratibu kwamba mzee anayeshinda mbele ya kioo, haongei, hashiki kazi, kumbukumbu zake zinaweza kufifia upesi, hasa maneno. Nipunguze hiyo televisheni. Nimzungumzishe.

Nimzungumzishe! Mtu aliyekuwa akipiga soga mpaka wateja wanasahau redio zao mezani! Alikuwa fundi wa redio na televisheni, mimi fundi cherehani, chumba kimoja, miaka arobaini. Mimi nashona dirishani, yeye anachomelea waya nyuma yangu, moshi wake unaingia kwenye magauni ya watu. Tuligombana, tukacheka, siku ikaisha hatujui imeishaje. Alikuwa akiniita Sindano kwa ajili ya huu mdomo wangu, na mtaa mzima ukaniita hivyo hivyo. Tangu aache kazi amehamia kwenye kochi, ananiita "mama", kama anavyomwita muuza nyanya. Hilo ndilo lililonikata maini. Nilikuwa nimemkumbuka mume wangu, naye amekaa pembeni yangu.

Nikificha rimoti, anaiona. Nikizima, anawasha. Basi Jumanne, alipoingia kuoga, nikachukua bisibisi, nikafungua plagi ya ile televisheni yetu ya zamani yenye chogo, nikachomoa waya mmoja, nikafunika. Mungu anisamehe.

Akatoka bafuni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Imekufa," akasema.

"Pole. Kaa basi tuongee."

Hakukaa. Akainama uvunguni mwa kitanda, akavuta sanduku lake la zana. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akavaa miwani, akainusa televisheni kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya zamani, akaanza kuisemesha. "Hujaungua wewe. Fyuzi? Hapana. Hebu koleo." Asubuhi hiyo hiyo neno kijiko lilikuwa limemtoka, akaniomba "kile cha kukorogea".

"Kuna mzee mmoja," akasema, macho kwenye kazi, "redio yake ilikuwa ikifa kila wiki. Akadhani ina mapepo."

Mzee huyo ni baba yangu.

"Kumbe ilikuwa na nini?" nikauliza.

"Haikuwa na kitu. Nilikuwa nikilegeza waya kwenye plagi kabla sijaondoka. Pale nyumbani kulikuwa na binti anashona. Ana mdomo huyo! Ananipa maji ya kunywa huku ananiambia sijui kazi."

Mjanja mkubwa wee! Miaka yote hii najua baba aliuziwa redio mbovu, hata kaburini amekwenda anailaani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Maana alikuwa akinisimulia habari zangu mwenyewe kama ninayesimuliwa na abiria wa kiti cha pembeni kwenye basi.

Ndipo akafungua plagi, akaweka bisibisi chini.

Ule waya niliouchomoa ulikuwa umefumuka ncha. Na mimi, mshonaji, siwezi kuacha kitu kimefumuka. Nilikuwa nimeuzungushia uzi wa buluu nikapiga fundo, tena zuri, mara mbili. Wala sikukumbuka kwamba nimefanya hivyo; mkono ulijifanyia wenyewe.

Akaligeuza lile fundo kwenye mwanga wa dirisha, akalipapasa kwa kidole gumba. Kisha akanitazama. Akanitazama mimi, si muuza nyanya.

"Sindano," akasema, "mimi nilikuwa nalegeza ili nirudi. Wewe je?"

"Ili urudi," nikamwambia.

Akaiacha plagi mezani, wazi vile vile, akaniomba maji ya kunywa. Nikampelekea, nikamwambia hajui kazi.