Kila Saa Mbili

Katika wodi ya wanawake ya hospitali ile ya Biharamulo, mgonjwa aliweza kukosa shuka, akakosa dawa, akakosa hata kitanda cha peke yake, lakini hakukosa kusahihishwa Kiswahili. Kazi hiyo aliifanya Sista Semeni bila kutumwa na mtu. Babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akafungua duka mjini, na duka lilipokufa, urithi uliobaki kwa wajukuu ulikuwa ulimi. Semeni aliutunza urithi huo. Bibi mzima wa miaka themanini akimwambia, "Mjukuu wangu, naumwa upande wa kuria," Semeni alimjibu, "Wa kulia, bibi," na mpaka bibi arudie sawasawa ndipo huo upande ulipotazamwa.

Aliyemchosha kuliko wagonjwa wote alikuwa muuguzi mwenzake, Irine, Mhangaza wa Mbuba kule Ngara. Irine alikuwa na mikono mizuri. Wazee walimpenda, vidonda vilimtii, na kila l iliyopita kinywani mwake ilitoka r. Hilo Semeni alijitahidi kulisamehe, maana ulimi una makuzi yake. Lakini Irine alisema "masaa," na masaa Semeni hakuyasamehe.

"Hakuna masaa," alimwambia walau mara moja kwa wiki. "Saa moja, saa mbili, saa mia. Neno halibadiliki."

"Sawa, dada Semeni," Irine alijibu, kisha akaenda kitanda cha pili kumwambia mgonjwa anywe maji kila masaa mawiri.

Mwaka huo Daktari Marcel, mganga mfawidhi, alirudi kutoka semina na mkoba mpya wa zipu na wazo moja. Wazo lenyewe, tusimwonee, lilikuwa zuri. Alisema wazee wengi hawauguzwi wodini. Wanauguzwa majumbani na wakwe zao, watu wenye jembe mkono mmoja na uji mkono wa pili, na watu hao hawajapewa hata karatasi. Basi kila mzee atakayeruhusiwa apewe karatasi ya maelekezo. Ikifaa, itachapwa iwe Mwongozo, isambazwe kwenye zahanati zote, na uzinduliwe kwa keki.

Irine aliandika kwa sababu aliijua kazi. Semeni alisahihisha kwa sababu aliijua lugha. Kipengele cha tatu, jinsi Irine alivyokiandika, kilisema mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila masaa mawili. Semeni alichukua kalamu nyekundu, akakata masaa mawili kwa mstari ulionyooka kabisa, akaandika juu yake: saa mbili.

Irine aliitazama ile kalamu. "Watu watajua, dada?"

"Watajua nini? Ni Kiswahili."

Hapo mjadala ukafungwa.

Mgonjwa wa kwanza kwenda nyumbani na karatasi hiyo alikuwa Bibi Nyamizi wa Nyantakara. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha shambani kwenye maharage, kikamwachia kichwa chake na maneno machache ya polepole, kikamchukulia mguu na mkono wa kushoto. Siku ishirini alizokaa wodini Irine na wenzake walimgeuza kwa zamu, na ngozi yake ilitoka hospitali safi. Mwanawe Idefonsi hakuwahi kuona anavyogeuzwa, kwa sababu mama akifunuliwa, mtoto wa kiume hutoka nje. Alikaa kwenye benchi la uani na kofia mapajani, akingoja kuitwa. Avelina, mkewe, alikuwa amebaki nyumbani na shamba.

Idefonsi alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa kusoma barua mara tatu na kuitunza kwenye faili. Siku ya ruhusa Semeni alimsomea karatasi yote.

"Kipengele cha tatu ndicho roho ya karatasi hii," alisema. "Ageuzwe kila saa mbili. Bila kukosa. Umeelewa, mzee wangu?"

"Nimeerewa, sista."

"Nimeelewa."

"Nimee-lewa."

"Kila saa ngapi?"

"Kila saa mbi-li. Bira kukosa."

"Bila."

"Bila kukosa."

Semeni aliridhika sana. Alikuwa amesikiliza l zote nne zikitoka kama inavyotakiwa, akampa mkono wa kwaheri, na zaidi ya hizo l hakusikia kitu kingine.

Siku ya kumi Idefonsi alikwenda zahanati kueleza kuwa mama ana wekundu kwenye nyonga na analalamika. Mhudumu alivaa miwani, akaisoma karatasi kwa heshima, akauliza, "Mnamgeuza kila saa mbili?"

"Bila kukosa," akasema Idefonsi. Alikuwa ameishika vizuri ile l.

"Basi endeleeni hivyo hivyo." Mhudumu akaandika kwenye daftari kwamba familia inafuata maelekezo, na taarifa hiyo ilipofika hospitali Daktari Marcel aliisoma kikaoni kwa sauti. Makofi yakapigwa. Iliamuliwa familia ya Nyantakara ipigwe picha kwa ajili ya jalada la Mwongozo, ambao ulikuwa uende kwa mchapaji siku moja baada ya picha, nakala elfu nne.

Siku ya picha Semeni na daktari waliondoka mjini mapema, kwa sababu mchana daktari alikuwa na kikao kingine. Semeni alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mara mbili. Walifika Nyantakara saa mbili kasorobo, na walichokuta uani kiliwashangaza. Familia nzima ilikuwa imejipanga. Avelina na wifi zake wawili walikuwa wamenawa na kukunja mikono ya nguo. Redio ilikuwa kwenye kigoda mlangoni, sauti juu. Idefonsi alisimama kando yake na saa ya mkononi, daftari na kalamu.

"Shikamoo, mzee Idefonsi," alisema Semeni.

"Marahaba, sista. Karibuni, karibuni mkae. Tumebakiza dakika kumi."

"Dakika kumi za nini?" akauliza daktari.

"Za kumgeuza mama."

Daktari alimtazama Semeni kwa furaha ya mtu aliyeshinda. Alitoa simu kupiga picha. Semeni naye alivimba kidogo, kwani nani asingevimba? Nidhamu kama ile hata wodini haikuwepo.

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Bibi Nyamizi, ya polepole, neno kwa neno. "Nigeu... zeni."

"Bado, mama," Idefonsi alijibu kwa upole mlangoni, bila kuingia. "Saa mbiri haijafika. Vumiria kidogo tu."

Semeni alisikia neno hilo likipita. Alitaka kusema "vumilia," na kinywa kikafunguka, lakini akawahiwa. Redio ikapiga alama ya saa. Idefonsi akainua mkono kama refa, akasema, "Tayari," na wanawake wakaingia ndani. Semeni akawafuata.

Walimgeuza vizuri. Hakuna aliyemvuta, hakuna aliyemkwaruza. Avelina alishika mabega, wifi mmoja akashika nyonga, mwingine magoti, na walipomlaza ubavu wa pili, kitenge kikafunuka. Kidonda kilikuwa kwenye nyonga, kipana kama chungwa lililokatwa, na katikati yake palikuwa peusi.

Semeni alipiga magoti. Alikuwa ameshaona vidonda vya kulalia vibaya kuliko hicho, na kila mara alikuwa na mtu wa kumlaumu. Hasira ikampanda ikiwa tayari na maneno yake.

"Avelina, mlimgeuza lini kabla ya sasa?"

"Jana saa mbiri usiku, sista."

"Na kabla ya hapo?"

"Jana saa mbiri asubuhi." Avelina alimtazama kwa wasiwasi wa mwanafunzi aliyejibu sawa na bado mwalimu amekunja uso. "Hatujakosa hata siku moja. Daftari ripo."

Daftari lilikuwepo kweli. Idefonsi aliingiza mkono tu mlangoni akiwa nalo, Semeni akalipokea. Siku ishirini na tatu, kila siku mistari miwili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila mstari na sahihi ya mwenyekiti. Mchana bibi alitazama ukuta. Usiku alitazama mlango. Saa kumi na mbili upande mmoja, saa kumi na mbili upande wa pili, kwa amri ya hospitali.

"Mwanzoni tulitaka kumgeuza ya asubuhi tu," Idefonsi alieleza akiwa nje, kwa fahari kidogo. "Lakini nikasoma tena. Karatasi imesema kila. Na saa mbiri kwa siku zipo mbiri. Kwa hiyo na ya usiku hatukuiacha."

"Na alipokuwa akiomba katikati?" Semeni aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya wodini.

Avelina akainama. "Alikuwa analia, sista. Saa nane, saa kumi. Mimi nilitaka kumgeuza. Mume wangu, baba Anatoli, akasema tusiharibu dawa ya watu."

Walitoka uani. Daktari Marcel alikuwa ameshaelewa, maana hakuwa mjinga, alikuwa na vikao vingi tu. Alimvuta Semeni pembeni ya gari akafungua fomu. Bibi angerudishwa hospitali siku hiyo kidonda kisafishwe, hilo halikuwa na ubishi. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kinachouliza sababu ya kidonda, na chini yake majibu matatu ya kuchagua: ugonjwa, uzembe wa ndugu, mengineyo.

"Uzembe wa ndugu," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Tunaweka alama hapo, tunasonga. Picha tutaitafuta familia nyingine. Mwongozo hauna kosa, Semeni. Kwa Kiswahili fasaha saa mbili ni saa mbili."

Na hapo ndipo palipouma. Alikuwa anayasema maneno ya Semeni mwenyewe.

Idefonsi aliwafuata, kofia mkononi. Alikuwa ameona nyuso zao. Mtu mzima yule, anayesuluhisha migogoro ya mipaka ya mashamba ya watu, alisimama mbele ya gari kama mshtakiwa.

"Sista, niambie ukweri. Tumekosea wapi? Ni sisi tumemuumiza mama?"

Semeni aliona njia mbili waziwazi. Moja ilikuwa rahisi na ilikuwa na kisanduku chake kabisa. Akiifuata, huyu mwanamume atakwenda na neno hilo mpaka kaburini kwake, na kesho nakala elfu nne zitaingia kwenye nyumba elfu nne zenye watu watiifu kama hawa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hamkukosea," alisema. "Mlisoma nilichoandika. Ilitakiwa ukimgeuza sasa, saa nne umgeuze tena, saa sita tena, saa nane tena. Mchana na usiku. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Idefonsi alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka akafika usiku. Kisha akaketi chini palepale kwenye vumbi.

"Kumbe ni masaa mawiri," alisema. "Sasa si ungeandika masaa mawiri?"

Semeni hakumsahihisha. Alifungua fomu juu ya boneti, akaruka visanduku vyote vitatu, akaandika pembeni: Karatasi yangu. Akatia sahihi. Kisha akaitoa nakala ya Mwongozo kwenye mkoba wa zipu wa daktari, akakata saa mbili kwa mstari ambao safari hii haukunyooka, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MASAA MAWILI.

"Hicho si Kiswahili," daktari alinong'ona.

"Si Kiswahili, daktari. Ni masaa."

Daktari alimpigia mchapaji simu asubiri, halafu akapiga hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mama mjamzito mahali, lisingefika kabla ya saa tano. Yeye akawahi kikao chake. Semeni alibaki. Alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakunja kanga mbili zikawa mto wa kuinua nyonga, akakaa kwenye kigoda cha redio na kumsimulia bibi mambo ya duka la babu yake. Bibi alimsikiliza akiutazama ukuta.

Saa nne kamili Semeni aliwaita wanawake. Avelina alishika mabega, wifi nyonga, Semeni mwenyewe akashika magoti. Wakamgeuza, kidonda kikabaki hewani kati ya zile kanga. Kutoka uani Idefonsi aliuliza kama aandike, akaambiwa aandike.

Bibi Nyamizi aliutazama mlango, jua la saa nne likiingia, jambo ambalo hakuwa ameliona kwa siku ishirini na tatu. Alihangaika na maneno yake kwa muda. Kisha akaushika mkono wa Semeni kwa ule mkono wake mzima, akiwa na shukrani za kweli usoni.

"Leo," alisema, "saa mbiri... imewahi."