Muzabibu ya Nzanzu

Mimi Kanyere, kinywa changu hakina komeo. Mama yangu aliniambia hiyo tangu zamani, nikacheka. Sasa sicheki.

Tulipokimbia vita toka Beni, bwana yangu Nzanzu alibeba vitu viwili: godoro kichwani, na kijiti ya muzabibu ndani ya kitambaa chenye maji. Hapa Butembo, mu mutaa wa Mususa, akakata bidon ya njano ya kuchotea maji, akaitoboa chini, akatia udongo na mavi ya mbuzi, akapanda. "Utakula zabibu, Kanyere," akasema. Mwaka uliofuata akakufa. Muzabibu ikapanda ukuta, miaka tatu majani tu, hata tunda moja hapana. Lakini nilikuwa naipenda! Kila asubuhi naipa maji, naiambia habari zangu, maana kitu ya Nzanzu iliyobaki ni hiyo tu.

Mwezi wa sita nikaenda Beni ku matanga, siku nane. Nikaachia bidon jirani yangu Ngalula, bibi ya mwalimu Mukendi, batu ba Kasai, mbali, benye serikali ilituma huku kufundisha. Tulikuwa tunapika pamoja, tunataniana. "Uichunge kama yako," nikamuambia.

Nikarudi muchana na mama mukwe wangu, Rébecca, mulimaji wa kahawa toka Luofu, aliyekuja pia ku matanga. Yeye akaingia nyumba kufungua mizigo. Mimi nikaenda ku bidon mbio. Yee! Vijiti mbili tu, urefu wa mukono. Jani hata moja hapana.

"Ngalula!"

Akatoka na makasi mukononi, anacheka. "Dada, usiogope. Baba yangu alitunza mizabibu ya basista kule kwetu. Huku hakuna baridi ya kuilaza, kwa hiyo lazima mutu ailaze mwenyewe: unaitoa majani, unaikata. Ikiamuka, inazaa."

Sikusikia kitu. Baba yangu alinifundisha kwamba mutu akikukatia migomba yote, anakuambia: toka hapa, jamaa yako imekwisha. Hasira ikanipanda. Nikatoka barabarani, nikapiga kelele:

"Mulozi! Muchawi! Alimumaliza Nzanzu, sasa anamaliza na muti yake!"

Yesu wangu. Neno ile, huku kwetu, haitembeake peke yake. Mumbere, fundi wa pikipiki, akaacha kazi yake, akaingia mu kiwanja yetu. Nyuma yake batu kumi, halafu ishirini, halafu sikuweza tena kuhesabu. Mumbere akaokota jiwe. Ngalula akarudi nyuma mpaka mugongo ukagusa ukuta. Aliniangalia mimi tu.

Hapo hasira yote ikaniisha, ikabaki woga. "Mungoje!" nikasema. "Mungoje kwanza!" Nani atanisikiliza? Kuwaita niliweza. Kuwarudisha, sikuweza.

Mama mukwe akatoka nyumbani, akapita katikati yao, akainama ku bidon. Akakwaruza kijiti na ukucha.

"Muone! Kijani! Ninyi batu ba muji, hamujaona kahawa ikikatwa shina, ikachipuka upya? Muti iko muzima. Mwenye kutupa jiwe aanze na mimi." Halafu akanigeukia. "Na wewe, sema."

Nikapiga magoti mu vumbi. Nikasema nimedanganya, Ngalula hana kosa, Nzanzu aliuawa na malaria. Batu bakaondoka polepole, bengine bananung'unika. Mumbere alienda na jiwe yake mukononi.

Siku tatu baadaye Mukendi akapakia vyombo vyao mu lori, bakahamia Beni. Nilisimama mulangoni nikamuita Ngalula. Hakugeuka.

Juma ya tatu vijiti vikatoa macho ya kuchipuka, na karibu kila jicho na shada yake ndogo ya zabibu. Mwezi wa kumi zabibu zikakomaa, nyeusi, nyingi. Nililia sana siku ile. Nikakata shada kubwa kuliko zote, nikaifunga mu jani la mugomba, nikamupa Kasonia, chauffeur wa avenue yetu, mutaa huu, mwenye kuendesha gari ya Beni, amupelekee Ngalula na kumuambia naomba anisamehe.

Kesho yake Kasonia akarudi na shada ile ile, hakuna hata tunda moja iliyotoka. Juu yake kulikuwa makasi ile ya Ngalula.

"Amesema nini?"

Kasonia akaangalia chini. "Amesema ukishamaliza kuvuna, muzabibu itaomba kukatwa tena. Safari hii ukate wewe mwenyewe, muchana, avenue yote ikuone."