Nyumba Iliyopata Joto

Sakafu iligongwa mara tatu, na Hohepa akaweka kikombe cha pili mezani.

"Nakuja, bibie," alisema.

Siku za mwanzo alikuwa akishtuka. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, naye alikwisha kuzoea. Mkewe Merehira, alipokuwa hoi kitandani, ndivyo alivyokuwa akigonga kwa fimbo yake akitaka chai: mara tatu, hazizidi, hazipungui. Walimzika mwaka juzi, majira ya baridi, katika kaburi la saruji lililojengwa juu ya ardhi kama makaburi yote ya kijiji, maana huku ukichimba futi mbili unakutana na maji yanayochemka.

Hohepa alisali sala ya asubuhi, akawaombea walio hai na waliotangulia. Aliposema amina, kitu chini ya zulia la plastiki kikashusha pumzi.

Zulia lilikuwa limejikunja karibu na jiko. Paka alikuwa amehama tangu Jumapili. Hohepa alijua maana yake, kwani miaka thelathini na mmoja ya kutembeza wageni kati ya madimbwi ya moto ilikuwa imemfundisha. Alijua pia sheria ya kijiji: nyumba ikipata joto la ardhini, mwenyewe huhama, nyumba hubomolewa, na mahali pale huzungushiwa kamba. Kwa hiyo akafyata ulimi. Nyumba ikibomolewa, nani atamgongea?

Darajani alimkuta binamu yake Parekura, mkubwa wa kamati ya kijiji, amebeba ule mkuki wake mrefu wa kupimia joto la ardhi.

"Kaka Hohepa! Mbona viatu vya mazishi asubuhi yote hii? Nani kafa?"

"Vile vingine soli zimeachia."

"Ndiyo uzee huo. Soli za wenzio zinaishia kwenye dansi."

"Wewe pima ardhi yako, niachie miguu yangu."

"Mchana napima upande wenu."

"Kwangu kuko sawa. Usijisumbue."

"Nimekuuliza?" alisema Parekura akicheka, akaenda zake.

Basi la saa nne lilileta wageni ishirini na watatu. Hohepa aliwaonyesha tope linalotokota kama uji, kisha sanduku la mvuke ambamo kuku na viazi vitamu vilikuwa vikiiva bila kuni. Akawaambia kwamba mkewe alitoka katika ukoo wa wapishi wavivu kuliko wote duniani. Wakacheka palepale wanapocheka wageni wa kila siku. Lakini ile chemchemi kubwa, ambayo kwa kawaida huruka juu kuliko miti, haikuruka. Walingoja. Maji yalikuwa yamezama chini kabisa, na ndani ya shimo palikuwa kimya. Hata ndege hawakusikika.

"Imelala," alisema Hohepa.

Walipofika mbele ya nyumba yake aliharakisha mwendo. Hakumwona mzee mmoja kati ya wageni, mwenye kofia ya kijani, akiruka ukuta mfupi na kupanda barazani. Alipogeuka, mzee yule alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye dirisha la jikoni.

"Kuna mtu humu," mzee alisema. "Anagonga."

Hohepa akasikia. Moja, mbili, tatu. Nne. Tano. Sita. Haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyefungiwa ndani. Merehira hakuwahi kugonga mara nne. Mbao za baraza zilianza kubonyea chini ya viatu vya mgeni, na uzi mweupe wa mvuke ukapenya katikati yake.

"Usigeuke!" Hohepa alisema. "Rudi kinyumenyume, kanyaga ulipokanyaga. Polepole, mzee wangu. Hivyo hivyo."

Alipomshika mkono na kumvutia njiani, alipaza sauti kijiji kizima kisikie: "Parekura! Leta kamba! Ni kwangu!"

Parekura alikuja mbio. Akachomeka mkuki kando ya ngazi, akausoma, akausoma tena.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na unalala humu?"

"Nakunywa chai humu."

Parekura akamsogelea, akagusanisha pua yake na ya binamu yake, kama ilivyo desturi yao ya kusalimiana na kupeana pole, wakavuta pumzi moja. Kisha akampa ncha ya kamba.

Hohepa aliifunga mwenyewe kwenye nguzo ya lango lake. Mle ndani mlikuwa mmetulia. Mvuke ulijaa jikoni, ukawa unalisukuma pazia taratibu upande mmoja. Wageni walisimama nyuma ya kamba, na hakuna aliyepiga picha. Mzee yule alitazama dirishani kwa kitambo. Halafu akavua kofia yake ya kijani, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.

Hohepa aliendelea kukaza fundo.