Bwana Bado Anasoma

Moshi ulitoka dirishani, mwembamba, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, ukapanda ukuta polepole kama mtu anayepapasa njia. Nilikuwa juu ya paa na mtaimbo mkononi, bati moja nimeshalibandua nusu, nikabaki hivyo hivyo nimepiga goti. Dirisha lile lilikuwa la maktaba. Maktaba ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu bwana mwenye jumba alipokimbilia magharibi, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu, Domicele, mjakazi wake wa zamani. Shamba la ushirika lilikuwa limemwacha akae kwenye chumba cha jikoni ili alinde jumba, pasitoke kitu.

Haukupita muda akatoka mwenyewe kwa mlango wa ubavuni. Kikapu alichoingia nacho kitupu sasa kilimlemea mkono, na juu yake alikuwa ametandaza kitambaa. Alipofika katikati ya ua akasimama, akainua uso moja kwa moja hadi niliko.  

Nilifika Medgiriai kiangazi kile cha mwaka wa hamsini na saba kama nilivyofika kila mahali: nilisikia kuna kazi, nikaja. Nimezunguka Lithuania yote na mfuko mmoja. Shule niliipata vipande vipande, kidogo kwa padri, kidogo kwa mwalimu mlevi, iliyobaki jeshini, katika jeshi ambalo sasa si vizuri kulitaja. Kazi yangu ilikuwa paa. Safari hii nilitakiwa kubandua mabati ya jumba la bwana ili yaezekewe zizi la ng'ombe, na kwa kuwa jumba lilikuwa linaoza lenyewe, hakuna aliyeona ubaya. Mvua ilikuwa imeshaingia chumba cha muziki. Mti mchanga ulikuwa umeota kwenye bomba la moshi. Ngazi kuu ya ndani ilikuwa haina tena mbao za kushikilia, kila mtu kijijini ana kipande chake nyumbani na kila mtu anajua nani ana kipande gani.

Siku nilipoanza kazi, mwenyekiti wa shamba alinifuata akanisimamisha chini ya miti ya liepa, ile mirefu yenye maua ya harufu tamu. Rapolas alikuwa mtu mnene, mzaliwa wa pale pale, ila alikuwa amejifunza kuongea kama gazeti. Siku ile hakuongea kama gazeti.

"Mzee Baltrus," akasema, "wewe uko juu. Mtu wa juu anaona."

"Naona mabati, ndugu mwenyekiti."

"Yule bibi anatoa kitu mle ndani. Vitabu vya ngozi, vyombo vya fedha, sijui. Nikisema mimi, watu watasema Rapolas anataka yale makabati ya mwaloni."

Nikamuuliza kama kweli hayataki. Akacheka bila kutoa sauti. Akaniambia anahitaji mdomo wa mtu baki, asiye na ndugu hapa wala ugomvi, useme mbele ya watu wa wilaya: nimemwona. Neno moja tu. Bibi ataondolewa, na kile chumba cha jikoni, chenye jiko la vigae linalotunza joto hadi asubuhi, kitakuwa changu, na jina langu litaandikishwa hapo kama jina la mtu mwenye kwao.

Ni rahisi sasa kumcheka mtu anayetamani jiko. Lakini nilikuwa nimevuka hamsini, magoti yalishaanza kulia kila theluji ikikaribia, na msimu wa baridi uliotangulia nililala kwenye ghala la watu, ubavuni mwa ndama. Sikumkubalia Rapolas. Sikumkatalia pia. Nilipanda ngazi nikaanza kuangalia.

Na Domicele akaanza kuniangalia mimi. Alimwaga majivu laini mbele ya mlango wa maktaba, ili unyayo uonekane. Nilipokuwa juu nikila mkate wangu, aliondoa ngazi akaiegemeza upande mwingine, kisha akaketi kumenya viazi kama vile ngazi imejiondokea.

"Bibi, nitashukaje?"

"Ulivyopanda kwa macho, shuka kwa macho."

Kila nilipomwona nilipata kitu kipya cha kushuku. Mikono yake ilikuwa imevimba, leo wa kulia, kesho wa kushoto. Aliingia maktaba mchana tu, jua likiwa kali, na kila mara moshi ulitoka. Nilidhani anachoma vitabu. Kisha nikajiuliza, mtu anayechoma vitabu anatoka na kikapu kizito cha nini? Nikadhani anauza. Kwa nani? Hakuna mgeni aliyefika zaidi yangu.

Kijijini walikuwa na maelezo yao. Walisema bwana alifia huko magharibi, lakini bado anasoma. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa kunong'ona, tangu ujana wake, na anayepita karibu na mlango ule mchana wa joto humsikia. Wanawake walifanya ishara ya msalaba. Domicele, akiulizwa, alijibu tu kwamba bwana hapendi kusumbuliwa.

Mimi siamini wafu wanaosoma. Nikavuka majivu kwa kurukia kizingiti, nikaweka sikio kwenye mlango. Nikasikia. Sauti nzito, ya chini, isiyopumua, kama mwanamume anayejisomea ukurasa usio na mwisho. Nywele za shingo zilinisimama, si kwa kuogopa mzimu. Niliogopa mtu aliye hai. Miaka ile watu wa msituni walikuwa hawajasahaulika, wale waliokataa kuweka silaha chini, na nyumba zilizowaficha zilikuwa zimebaki milango wazi, wenyewe wamepakiwa treni kwenda mashariki. Nikawaza: bibi huyu ana mtu humo ndani. Nikisema neno moja, halitaishia kwenye chumba na jiko. Na nisiposema, likigundulika, nami nilikuwa juu ya paa, mtu wa juu anayeona.

Siku chache nilifanya kazi upande wa mbali. Halafu mabati ya huko yakaisha.

Nilipobandua bati la kwanza juu ya maktaba, jua lilitumbukia ndani kama maji. Dari lilikuwa limeshaanguka zamani, kwa hiyo niliona chini kabisa. Sijawahi kuona vitabu vingi vile, wala vilivyo katika hali ile. Vilikuwa vimevimba kwa unyevu hadi vikabanana, migongo imepasuka, kurasa zimefura kama unga uliochachuka. Tufe la dunia lilikuwa limeota ukungu, bahari na nchi kavu huwezi kuzitofautisha. Na mbele ya kabati kubwa la mwaloni alisimama Domicele, kipande cha pazia la bwana kichwani hadi mabegani, mikono wazi, chungu cha kuni mbovu kikitoa moshi miguuni pake. Alikuwa ameingiza mkono katikati ya vitabu. Aliutoa polepole, na mkononi akawa na sega la asali jeupe, pana kama kitabu kilichofunuliwa.

Ukuta wote nyuma ya kabati ulikuwa nyuki. Walikuwa wamejenga ukutani, kisha wakatokea kwenye rafu, wakajaza nafasi kati ya kitabu na kitabu. Hao ndio bwana aliyekuwa akisoma.

Waliona mwanga wangu kabla yake. Walipanda wote kwa pamoja, nikafunika uso, nikateleza hadi kwenye ngazi na kushuka nisijue nimekanyaga wapi. Nilipofika chini jicho moja lilikuwa limeshafumba. Domicele alikuwa mlangoni, pazia limerudishwa nyuma.

"Ushaona," akasema. "Haya, njoo ule."

Jikoni kulikuwa na baridi na harufu ya bizari. Aliniketisha kitandani mwake, akanichomoa miiba shingoni kwa kisu butu, haraka, bila huruma na bila kuniumiza. Akaniambia kwa mkato yale ambayo hata mimi nilikuwa nayajua: mizinga ya kijiji chote ilikusanywa kuwa mali ya ushirika, ikapangwa mstari mmoja kama askari, na masika yaliyofuata haikuwepo iliyo hai. Kundi la bwana peke yake lilikimbilia ukutani. Likijulikana, ama litahesabiwa mali ya ushirika, ama litafukizwa moshi wa kiberiti life, ili mabati yatoke kwa usalama. Kisha akakata tango changa kwa urefu, akalimiminia asali, akalisukuma mbele yangu pamoja na mkate mweusi.

Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Niliuma. Asali ya maua ya liepa, tango bado lina ubaridi wa shamba. Nikauma tena, na katikati ya kutafuna nikasimama.

Kwetu nyuki hawauzwi wala hawanunuliwi. Wanashirikiwa. Ukila asali ya kundi la mtu, mezani kwake, amekukaribisha kwa mkono wake, wewe na yeye mmekuwa wenzi wa nyuki, na huo ni undugu unaoupita ule wa tumbo moja. Mwenzi wa nyuki hashtakiwi. Hasemwi mbele ya watu wa serikali, iwe serikali ya nani. Baba yangu alikuwa na mwenzi wa nyuki ambaye hawakupendana hata kidogo, na mtu huyo alipokufa, baba alimlilia kuliko alivyomlilia kaka yake.

Domicele alikuwa amekaa mkabala nami, mikono iliyovimba mapajani, anautazama mdomo wangu.

"Umenifunga," nikasema.

"Nimekulisha."

"Unajua Rapolas aliniahidi nini?"

"Kitanda unachokikalia," akasema. "Utameza, au utatema?"

Nilimeza. Mpaka sahani ikawa tupu nilimeza, huku nikimchukia.

Rapolas alifika jioni ile ile, kwa mkokoteni, kuangalia mabati. Domicele hakubadilisha kitu. Alikata tango jingine, akalimiminia asali, akaiweka sahani mbele yake na kumwambia karibu, mwanangu, umechoka. Sikuelewa alikuwa anafanya nini. Alikuwa anaweka ushahidi wa wizi wake mezani, mbele ya mwenye kumshtaki.

Rapolas aliitazama ile sahani. Alizaliwa Medgiriai, mama yake alikuwa na mizinga.  Mkono ulitoka mfukoni, ukafika ukingo wa meza, ukakaa hapo. Kisha ukarudi mfukoni. Akasema ana jino linamsumbua, vitu vitamu vinampiga.

Hapo nikajua kwamba alikuwa ameshaamua. Mtu asiyekusudia kukudhuru angekula.

Aliniita nje. Akaniuliza mle ndani kuna nini. Nilimwambia kuna mbao zilizooza na popo. Moshi? Bibi anafukiza popo. Kikapu? Anazoa kinyesi chao, anarutubishia matango. Mabati ya upande ule nikasema yameliwa na kutu, hayafai hata kufunikia kuku, na sakafu haibebi mtu mwenye uzito. Alinitazama jicho langu lililofumba.

"Na hilo?"

"Popo."

Alisogea karibu, akanusa ndevu zangu kama mke anavyomnusa mume aliyetoka kilabuni. Kisha akaenda mwenyewe hadi mlango wa maktaba, akakanyaga majivu, akainua mkono kugonga kama vile kuna wa kumfungulia. Mnong'ono ukamfikia. Nilimwona mgongo ukikakamaa. Mwenyekiti wa shamba la ushirika, aliyetuhutubia kila Jumapili kwamba hakuna mbingu, alisimama pale akimsikiliza bwana wa baba yake akisoma. Sijui alidhani nini. Inawezekana alitambua ni nyuki, inawezekana hakutambua. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akiangalia asigeuze kisogo.

"Maliza pande nyingine," akaniambia, "halafu uende zako."

Nilimaliza, nikaenda zangu. Asubuhi ya kuondoka Domicele hakuniaga. Alinishikia ngazi tu niliposhusha vifaa, na hilo lilikuwa jambo jipya. Msimu ule wa baridi nililala kwenye tanuri la matofali lililoachwa.

Miaka mingi nilitembea na swali moja mfukoni. Je, alinichagua kwa kitu alichokiona kwangu, au aliona mjinga mwenye njaa akamfunga kamba? Kila kijiji nilichoingia, kila mtu aliyenikaribisha chakula, niliangalia kwanza mkono, halafu sahani. Nilikataa vyakula vizuri vya watu wema.

Masika yaliyopita, kwenye kibanda cha mlinzi wa msitu ninakojihifadhi siku hizi, alikuja mwanamke wa makamo, amebeba mzinga uliofungwa shuka. Akasema anaitwa Vilute, na Domicele alikuwa shangazi yake. Amekufa wakati wa theluji. Vilute alikuwa ameniulizia kwa mafundi wa paa, mtu kwa mtu, hadi akafika.

"Shangazi alisema ni gawio lako. Kila kundi lilipogawanyika alikutengea, ila hukuonekana."

Mzinga ulikuwa wa mwaloni mweusi, mbao za rafu. Kwenye ubao mmoja bado zilionekana alama za vitabu vilivyosimama pale miaka mia. Kwa hiyo Rapolas hakuyapata makabati yote. Vilute alisema paa la jumba lote limeanguka, isipokuwa upande wa maktaba.

Nilimkatia mkate. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama shangazi yake aliwahi kusema kwa nini alinipa asali siku ile.

Aliupokea mkate.

"Alisema ulikuwa na njaa."

Mfuko wangu nimeutundika kwenye msumari. Nyuki hawapendi kuhamishwa, na mlinzi wa msitu amesema nikae nitakavyo. Mchana jua likiwa kali natoka, nachuchumaa, goti linalia, naweka sikio kwenye ubao. Bwana bado anasoma.